Ukisikia 'hakuna matata' Paris, shika mkoba

Ukitoka kituo cha metro cha Anvers, kaskazini mwa Paris, unapandisha Mtaa wa Steinkerque uliojaa maduka ya fulana na minara midogo ya kuning'iniza funguo. Mbele yako, juu ya kilima cha Montmartre, limesimama kanisa jeupe la Sacré-Cœur. Kufika juu kuna njia mbili: kigari cha reli kinachokwea mlima kwa tiketi, au ngazi. Chini ya ngazi, pembeni mwa bustani, wamesimama vijana wenye nyuzi za rangi mkononi.

Kwa namna walivyokaa, hawauzi kitu. Wanasalimia tu. "Hakuna matata!" anapaza mmoja, mkono umenyooshwa, meno yote nje. Mtalii aliyeitazama ile filamu ya simba na mwanawe anacheka, naye ananyoosha mkono. Uzi umeshazungushwa kwenye kidole chake. Unasokotwa harakaharaka, na kabla hajamaliza kusema ametoka nchi gani, bangili imeshafungwa kwenye kifundo cha mkono, tena kwa fundo lisilofunguka kwa vidole vya mkono mmoja.

Bei inatajwa sasa. Euro 10, pengine 20. Akikataa, wawili waliokuwa wamekaa kwenye ngazi wanasimama na kusogea. Tabasamu limekwisha.

Wengi wa vijana hao wametoka Afrika Magharibi, na Kiswahili chao ni hayo maneno mawili. Lakini hebu mfikirie mtu wa Temeke au Kisauni aliyesafiri usiku kucha, akaamka katika mji ambao hata "maji" hajui yanaitwaje, halafu ghafla anasikia lugha yake. Moyo utamruka. Na moyo ukiruka, mkono unafuata.

Vitabu na video za kumwelekeza mgeni wa Paris ni tele, na ushauri wake si mbaya. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa aliandikiwa Mmarekani au Mwingereza. Anayetoka Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Goma anaingia mji uleule akiwa na fedha taslimu nyingi zaidi mfukoni, viza iliyobandikwa ndani ya pasi, malezi ya kuitikia kila salamu, na rangi inayomfanya polisi amtupie jicho la pili. Huyo hasaidiwi sana na ushauri wa mwenzake.

Hata Louvre iligoma

Ufaransa ndiyo nchi inayotembelewa na wageni wengi kuliko zote duniani. Mwaka 2024 walifika takriban milioni 100, na makumbusho ya Louvre peke yake ilipokea watu milioni 8.7. Penye umati unaotazama juu huku mifuko iko chini, vibaka hawakosekani. Barcelona na Roma nazo zinalia kilio hichohicho. Paris ina jambo lake moja zaidi: wafanyakazi wamewahi kususa kazi kwa sababu ya vibaka.

Aprili 10, 2013, Louvre haikufunguliwa. Wafanyakazi wapatao 200 waligoma wakisema vibaka wamezidi ndani ya jengo lenyewe. Walikuwa makundi ya watoto na vijana, wakiingia bure kwa kuwa walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio, wakiwachomoa watalii ndani ya kumbi na kuwatolea vitisho walinzi waliojaribu kuwazuia. Mei 22, 2015, ikawa zamu ya Mnara wa Eiffel. Wafanyakazi walikataa kufungua, na maelfu ya watu waliokuwa wamepanga safari yao kwa miezi walikwama chini wakipiga picha za vyuma.

Wiki chache kabla ya mgomo wa Louvre kulikuwa na kisa kingine. Machi 2013, kundi la watalii 23 kutoka China, ambao hata siku moja mjini hawajaimaliza, walivamiwa walipotoka kula huko Le Bourget, kitongoji kilicho kwenye njia ya kutoka uwanja wa ndege. Waliporwa fedha taslimu na pasi. Wezi hawakuwa wakibahatisha. Ilijulikana kwamba wageni wa China husafiri na noti.

Sifa hiyo ya kusafiri na noti ni yetu pia.

(Na ili haki itendeke: Jumapili ya Oktoba 19, 2025, Louvre yenyewe ililizwa. Wezi walikuja na lori la ngazi ya kunyanyuka, wakakata dirisha, wakaondoka kwa dakika chache na vito vya kifalme vyenye thamani ya euro milioni 88. Aliyechomolewa pochi siku hiyo angalau alipata mwenzake wa kulia naye.)

Salamu ndiyo chambo

Hila za mitaani za Paris ni chache, na zimezeeka. Msichana mwenye karatasi kwenye ubao anakuomba saini ya kuwasaidia watoto viziwi, na kwa ishara anakuonyesha kwamba hata yeye hasemi. Ukiinama kuandika jina, ubao umeufunika mfuko wako na mwenzake yuko kazini chini yake. Usipoibiwa, utadaiwa mchango. Mwanamume mwingine, kwenye kingo za mto Seine, anaokota pete ya "dhahabu" mbele ya miguu yako na kuuliza kama umeidondosha. Ukisema hapana, anakuachia uichukue, maana kwake haimtoshi. Unapiga hatua mbili, anarudi kukuomba hela ya kula. Hiyo pete haina hata chembe ya dhahabu.

Hakuna hata mmoja anayeanza kwa kutisha. Kila mmoja anaanza kwa kukufanya ujione mtu mwema: umeitikia, umesaini, umemsaidia asiye na chake. Mtu aliyelelewa kwamba kupita bila kujibu salamu ni utovu wa adabu ni windo rahisi kuliko yule anayepita macho kwenye simu. Ndiyo maana mtu aliyekwepa kila ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kwa miaka yote anakuja kuingizwa mjini Montmartre, kwa sababu tu alipewa mkono.

> Kila tapeli wa mtaani Paris anaanza kwa kukufanya ujione mtu mwema.

Tahadhari nayo isigeuke kiburi. Wafaransa wanaijali salamu kuliko tunavyowadhania. Ingia duka la mikate ukaagize bila kusema "bonjour" uone utakavyohudumiwa. Ila muuza mikate anakungoja nyuma ya kaunta yake, ilhali tapeli anakufuata ulipo. Anayekufuata usimsimamie kumweleza kwa nini hutaki. Endelea kutembea, mikono mfukoni. Yeye anataka usimame tu, mengine atajua mwenyewe.

Kuna hila moja inayostahili kutazamwa kwa karibu. Mwenye kushuka Mtaa wa Steinkerque, au kukatiza daraja la Iéna kwenda kwenye mnara, hukuta duara la watu limeinamia kizulia. Katikati amechuchumaa mtu mwenye vikombe vitatu na kijipira. Anavizungusha, anasimamisha. Anayejua kijipira kiko wapi anaweka euro 50, anapata 100. Mwanamke mwenye kofia anaweka, anashinda. Mzee mwenye begi la kamera anaweka, anashinda. Mchezo unaonekana mwepesi kiasi cha kuona aibu kutocheza.

Sogea pembeni, usimame kwenye ukingo wa daraja, uwatazame watu badala ya vikombe. Yule mwanamke aliyeshinda anaondoka kama anayeendelea na matembezi yake, anazunguka mti, anarudi upande wa pili wa duara. Anashinda tena. Noti alizolipwa zinapita kwenye mkono wa mtu wa tatu na kurudi zilikotoka. Wawili hawatazami mchezo kabisa, kila mmoja amegeukia upande wake wa barabara. Mmoja akipiga mluzi, kizulia kinakunjwa, vikombe vinaingia kwenye koti, na duara lote linatawanyika. Anayebaki akishangaa ndiye peke yake aliyekuwa mteja.

Aliyewahi kupita stendi ya zamani ya Ubungo ameuona mchezo huu ukichezwa kwa karata tatu, na pengine aliwacheka waliolizwa. Paris wamebadilisha mandhari tu. Mnara uliosimama nyuma ya mchezeshaji unaufanya wizi ufanane na burudani ya watalii. Hata usipoweka senti, kuinama kwenye duara lile mkoba ukiwa mgongoni ni sawa na kuweka.

Treni ya kutoka uwanjani

Ndege nyingi zinazoleta watu wetu hutua uwanja wa Charles de Gaulle. Ukishapita uhamiaji, mtihani wa kwanza uko kwenye mashine za tiketi. Treni ya RER B ndiyo njia ya kawaida ya kwenda mjini, na Januari 2025 tiketi ya uwanja wa ndege ilipanda hadi euro 13, huku ya metro ya mjini ikiwekwa euro 2.50. Bei hizi hurekebishwa kila Januari. Tofauti kati ya tiketi hizo mbili ndiyo mtaji wa tapeli.

Anakuja mtu nadhifu, pengine na kitambulisho shingoni, anaona unahangaika na mashine. Anakusaidia kubonyeza. Kadi yako "imekataa," basi atalipa kwa yake, wewe umpe taslimu. Unapewa tiketi ya bei ndogo, au ya mtoto, au iliyokwisha kutumika. Wakaguzi wakikukuta nayo, hawataki hadithi. Faini unalipa papo hapo. Wafanyakazi halali wapo, lakini wanakaa kwenye dirisha lao, na hawachukui noti zako mkononi katikati ya ukumbi.

Ndani ya treni, hatari iko mlangoni. Laini ya 1 ya metro, inayopita Louvre, Concorde na Champs-Élysées, inasifika kwa vibaka kwa sababu ileile inayoifanya isifike kwa watalii. Kundi linakusukuma wakati wa kupanda, mmoja anasimama mbele yako ghafla kama aliyesahau kitu, wa nyuma anafanya yake. Simu huporwa sekunde ile kengele ya mlango inapolia: mwizi anaruka nje, milango inafunga, nawe unaondoka na treni ukimtazama kwenye kioo. Kwa hiyo simu isishikwe mlangoni. Ukitaka kutazama ramani, kaa katikati ya behewa au shuka uitazame jukwaani ukiegemea ukuta. Ukiwa ndani ya usafiri wa umma, namba ya kuomba msaada wa usalama ni 3117.

Teksi bubu zipo pia. Wanaokuita "teksi, teksi" ndani ya ukumbi wa kuwasili hawana ruhusa hiyo. Teksi halali iko nje kwenye foleni, ina taa juu ya paa, kijani ikiwa tupu na nyekundu ikiwa na abiria, na nauli yake ya kutoka Charles de Gaulle imepangwa na serikali: kwa viwango vya 2025, euro 56 kwenda upande wa kaskazini wa Seine na euro 65 kwenda upande wa kusini. Mwishoni mwa 2018, wapenzi wawili kutoka Thailand walidaiwa euro 247 kwa safari hiyo na dereva aliyewafungia milango. Walimrekodi. Video ikasambaa, na dereva akahukumiwa kifungo. Uber na Bolt nazo zinafanya kazi Paris, lakini dereva ambaye hukumwagiza wewe si wako.

Pasi ikae wapi?

Hapa ndipo ushauri wa vitabu unapokosana na maisha ya msafiri kutoka kwetu.

Karibu kila mwongozo unasema: acha pasi kwenye sefu ya hoteli, tembea na nakala. Kwa Mwingereza mweupe, ni ushauri mzuri. Anaweza kukaa Paris mwezi mzima bila polisi kumuuliza jina. Mwafrika hana uhakika huo.

Januari 2017, taasisi ya Mtetezi wa Haki, ambayo ni chombo cha dola ya Ufaransa chenyewe, ilitoa matokeo ya utafiti wake: vijana wa kiume wanaoonekana Weusi au Waarabu walikuwa na uwezekano mara 20 zaidi ya wengine wa kusimamishwa na polisi kukaguliwa vitambulisho. Oktoba 2023, Baraza la Dola, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, lilikubali kwamba ukaguzi wa kibaguzi si visa vya mtu mmoja mmoja, lakini likasema si kazi ya jaji kuipangia serikali sera ya polisi. Juni 2025, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliihukumu Ufaransa katika kesi ya mlalamikaji mmoja kati ya sita. Serikali kwa miaka mingi imeshikilia kwamba ukaguzi ni nyenzo ya lazima na kwamba sheria imeshakataza ubaguzi.

Wanaotetea polisi wana hoja ya kusikilizwa: vituo vikubwa kama Gare du Nord na Châtelet vina uhalifu, na mtalii huyohuyo anayelalamikia ukaguzi ndiye anayelalamikia vibaka. Upande wa pili unajibu kwamba kumsimamisha mtu kwa rangi hakumkamati kibaka yeyote. Mimi nimekaa na hoja zote mbili na naona ya pili ina uzito zaidi, hasa kwa kuwa kibaka hodari hujitengeneza afanane na mtalii.

> Ukiwa na nakala tu, polisi anaweza kukupeleka kituoni kuthibitisha wewe ni nani. Kibaka hana uwezo huo.

Kwa msafiri jambo hili ni la vitendo. Sheria ya Ufaransa inamtaka mgeni aweze kuonyesha hati za kuwepo kwake nchini. Asipoweza kuthibitisha yeye ni nani, polisi wanaweza kumshikilia hadi saa 4; wakitaka kuhakikisha haki yake ya kuwepo nchini, hadi saa 24. Siku nzima ya safari iliyogharimu viza ya euro 90, tiketi na likizo inaishia kwenye benchi la kituo.

Kwa hiyo ushauri wangu unapingana na wa vitabu: tembea na pasi. Isikae kwenye mkoba wala mfuko wa nyuma. Iweke kwenye kile kipochi cha kitambaa kinachovaliwa ndani ya shati, au mfuko wa ndani wenye zipu, na usiufungue mtaani. Nakala ya kurasa za picha na viza ibaki hotelini, na nyingine kwenye barua pepe yako. Fedha igawe: ya siku mfukoni, nyingine hotelini, na kadi moja mahali pa tatu. Waliozoea kufunga noti kwenye pindo la kanga wanajua ninachosema.

Jihadhari na polisi wa bandia. Wanakuwa wawili, wamevaa kiraia, wanaonyesha kitambulisho haraka, wanadai kuna noti za bandia zinazunguka na wanataka kuhakikisha zako. Polisi wa kweli atataka hati zako. Hatakuomba umkabidhi pochi barabarani ahesabu euro zako. Sema utaitoa kituoni, na uelekee dukani au penye watu.

Watoto wanaotumwa

Ni rahisi kumchukia kibaka. Ni vigumu kidogo ukijua ana miaka 12 na jioni anahesabiwa.

Mei 2013, mahakama ya Paris ilimfunga miaka 7 kiongozi wa mtandao wa kifamilia wenye asili ya Bosnia, uliokuwa ukiwatuma wasichana kuchomoa kwenye metro. Wasiofikisha kiwango waliadhibiwa. Januari 2024, mahakama hiyohiyo ya Paris iliwahukumu wanaume sita waliokuwa wakiwatumia watoto wa Morocco na Algeria, waliofika Ufaransa bila wazazi, kuwaibia watalii katika viwanja vya Trocadéro, mkabala na Mnara wa Eiffel. Walikuwa wakiwapa vidonge vikali, zikiwemo dawa za kifafa, hadi watoto wakawa watumwa wa vidonge, kisha wakitaka kidonge kingine sharti walete simu au mkufu. Kifungo kirefu kabisa kilikuwa miaka 6.

Mvutano ulipo ni huu. Wafanyabiashara na wafanyakazi wa makumbusho wanasema watoto hao wanakamatwa asubuhi na kurudi kazini mchana. Kwa sheria ya makosa ya watoto iliyoanza kutumika Septemba 2021, aliye chini ya miaka 13 anachukuliwa kuwa hajapata akili ya kubeba jinai, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wizi ndani ya usafiri wa umma una adhabu ya hadi miaka 5 kwenye vitabu, lakini vitabu havimfungi mtoto asiyesema jina wala umri wake. Mawakili wa watoto wanajibu kwamba kumfunga aliyetumwa ni kumfanyia kazi aliyemtuma, na wanataja kesi ya Trocadéro, ambako watoto walihesabiwa kuwa waathirika, wakubwa ndio wakasimama kizimbani.

Kesi za namna hiyo ni ngumu, ndefu na chache. Mtalii aliyeibiwa anaondoka baada ya siku tatu, haji kutoa ushahidi, na wanaowatuma watoto wanalijua hilo vizuri.

Wamachinga wa mnara

Si kila Mwafrika anayekusemesha chini ya Mnara wa Eiffel ni tapeli, na msafiri kutoka kwetu ana wajibu wa kulijua hili kuliko mtu mwingine. Wanaouza minara midogo iliyotandazwa kwenye shuka, wengi Wasenegali, ni wamachinga. Shuka ina kamba kwenye pembe nne, ukivuta unapata gunia. Mgambo wa huko wakitokea, bidhaa zote zimo mgongoni na mtu anakimbia. Tangu 2011 sheria inahesabu uuzaji wa aina hiyo kuwa kosa la jinai, adhabu ikifika miezi 6 jela na faini ya euro 3,750. Unapatana bei, unapewa mzigo, mmeachana. Hakuna uzi mkononi.

Vivyo hivyo wapiga debe wa saluni kwenye kituo cha Château d'Eau, wanaowavuta wanawake Weusi kila wakitoka kwenye ngazi za metro kwenda kusukwa. Ni kelele, wakati mwingine ni kero tupu, na aliyezoea Kariakoo hatashangaa. Uliza bei ya msuko mzima kabla hujaketi, pamoja na ya nywele za kuongeza, maana ukishakaa na kichwa nusu kimefumuliwa huna pa kwenda.

Ukishalizwa

Kwanza piga 17 kwa polisi, au 112 ambayo hufanya kazi Ulaya nzima. Halafu nenda kituo chochote ukafungue malalamiko na kupewa hati yake. Hiyo ndiyo RB ya huko, na bila hiyo hakuna kinachoendelea, ubalozini wala kwenye bima. Ubalozi wa Tanzania na wa Kenya uko wilaya ya 16, si mbali na Trocadéro. Watakupa hati ya dharura ya kurudi nyumbani, lakini viza iliyokuwa ndani ya pasi imekwenda na pasi, na hati ya polisi ndiyo itakayomweleza askari wa uhamiaji kwa nini huna. Aliyeibiwa Ijumaa usiku ajiandae kusubiri Jumatatu.

Simu inataka haraka zaidi kuliko pasi. Ndani yake kuna laini yako na akaunti ya fedha ya simu, na zile namba fupi za huduma kwa wateja tulizozizoea hazipatikani kutoka simu ya Ufaransa. Kabla ya safari, chukua namba ndefu ya kimataifa ya kampuni yako ya simu na ya benki, iandike kwenye karatasi. Bonyeza *#06# uandike na namba ya kifaa. Waambie na watu wa nyumbani kwamba ukiwaandikia WhatsApp kuomba hela, wakupigie kwanza wasikie sauti, kwa sababu aliyeiba simu ikiwa wazi anaweza kuwaandikia kwa jina lako.

Kuhusu bima kuna jambo wengi hulifahamu wakiwa wamechelewa. Bima inayodaiwa kwa ajili ya viza ya Schengen, ile ya angalau euro 30,000, inahusu matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, hata kwa jeneza. Pochi haimo, wala simu. Anayetaka kulipwa vitu vilivyoibiwa anunue bima ya mizigo na fedha kando kabla hajapanda ndege, na asome kwenye maandishi madogo inataka ripoti ya polisi ndani ya saa ngapi.